Aliyekutishia Laana Ndiye Anayekuuzia Dawa Yake

Wiki hii hakuna pishi la sato wala mshono wa kitenge. Nataka tuzungumze juu ya neno moja linalozunguka sana siku hizi, kuanzia mialo ya Bumbire, Goziba na Ikuza hadi juu Kamachumu, ambako wengi wetu tuna mama, shangazi na kibanja cha nyumbani. Neno hilo ni laana.

Sizungumzii mtu aliyekasirika akatamka maneno mabaya. Nazungumzia laana inayotumiwa kama kamba. Unaambiwa una laana ya ukoo. Unaambiwa tumbo lako limefungwa, mumeo amefungwa, biashara yako ya dagaa imefungwa. Unaambiwa ipo ibada ya kuvunja, na ibada hiyo ina sadaka yake maalumu. Ukisita, kusita kwako nako kunaitwa laana. Ukiondoka, unaambiwa litakalokupata huko uendako usije ukamlaumu mtu.

Msimamo wangu nausema mapema. Kiongozi wa dini anayekutishia laana ili ubaki, utoe au unyamaze, hakuhudumii, anakutawala. Na kama dawa ya laana hiyo inapatikana kwake peke yake, basi huyo ametengeneza ugonjwa ili auze dawa.

Kamba inavyosokotwa

Tuitazame kazi hii hatua kwa hatua, maana ukishaiona mara moja huwezi tena kuiona kama muujiza.

Kwanza, anaugusa uchungu wako. "Kuna mama hapa, mtoto wake anasumbuliwa na homa zisizoisha." Dada yangu, hii ni Muleba! Ni mkutano gani utaufanya hapa ukose mama mwenye mtoto wa homa? Malaria imetutesa vizazi na vizazi. Ni hapa hapa Muleba watafiti walipojaribu vyandarua vyenye dawa ya aina mpya, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2018, yakasaidia nchi nyingi za Afrika kubadilisha vyandarua wanavyogawa. Homa hiyo ina mbu wake. Lakini mbu hatoi sadaka, kwa hiyo mhubiri hana faida naye.

Pili, anakutafutia adui, na adui huyo hatoki mbali. Ni shangazi upande wa baba, ni mama mkwe, ni mke mwenza, ni bibi anayekaa peke yake nyuma ya migomba. Hasemi jina, anasema "mwanamke mtu mzima, mweusi kiasi, mnafahamiana". Wewe mwenyewe unalijaza jina. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua maneno hayo yanaishia wapi. Bibi zetu wamekatwa mapanga Shinyanga, Mwanza na Geita kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walizopikia watoto na wajukuu. Anayesimama madhabahuni akanyoosha kidole kwa "mwanamke mtu mzima" hawezi kunawa mikono panga likishatoka.

Tatu, anataja bei. Hapa kuna majina mengi: sadaka ya kujikomboa, sadaka ya kuvunja madhabahu za ukoo, mbegu, mafuta, maji, chumvi, kitambaa. Angalia na majira. Visiwani tunajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa mitumbwi hupumzika na wanawake wanahesabu walichopata. Huku juu, kahawa ikishauzwa, nyumba nyingi huwa na fedha kwa wiki chache tu. Jiulizeni wenyewe makongamano ya kuvunja laana hupangwa lini.

Nne, anakufunga mdomo. Hii ndiyo hatua inayozishikilia nyingine zote. Usimwambie mumeo, ataharibu. Usiwaambie ndugu zako, ndio waliokufunga. Usimwambie daktari, hana macho ya rohoni. Usihoji, maana ukihoji umemgusa mtiwa mafuta. Mwanamke aliyefikia hapo amebaki na mtu mmoja tu wa kumsikiliza, na mtu huyo ndiye anayemla.

Sasa tazameni uzuri wa mtego huo kwa aliyeutega. Ukipona, yeye ndiye aliyevunja. Usipopona, hukutoa kwa imani. Ukiondoka na mambo yakaenda vizuri, subiri, laana haina haraka. Ukiondoka na mtoto akaugua baada ya miaka 3, umeona? Hakuna jambo linaloweza kutokea duniani likamwonyesha kuwa amekosea. Katika biashara yoyote nyingine, hata ya kuuza vitunguu sokoni, mtu anayepata faida kila upande tungemwita tapeli.

Kamachumu ilikwishalipa bei ya hofu hii

Kuna wanaosema haya ni mambo ya wajinga, na kwamba watu wa Kamachumu wamesoma mno kudanganyika. Kweli wamesoma. Pale Rutabo ndipo Laurean Rugambwa alipoanzia uaskofu wake miaka ya 1950 kabla ya kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Pale Ndolage Walutheri walijenga hospitali inayotibu watu hadi leo. Lakini hofu haiulizi cheti.

Mwaka 1983, katika hospitali hiyo ya Ndolage, ndipo walipoandikwa wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania. Wazee wetu wanakumbuka jinsi ugonjwa ule ulivyopokelewa Kagera. Watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa kwa biashara ya magendo kutoka Uganda. Wengi waliamini kwamba vijana wa magendo waliwadhulumu wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka, na waliodhulumiwa wakawatupia uchawi. Maelezo hayo yalikuwa na utamu wake. Yalikuwa na mkosaji, yalikuwa na adhabu, na asiyefanya magendo alijiona salama.

Wakati watu wanatafuta nani amemlaani nani, virusi vilikuwa vinapita kitandani vikimfikia mke asiyejua hata bei ya nguo hiyo. Mume akifa, mjane anaitwa mwenye mkosi. Mtoto akifa, ukoo una laana. Nyumba ngapi Kamachumu, Kanyigo na Bukoba zilibaki na bibi na wajukuu? Walioziokoa zilizobaki hawakuwa wavunja laana. Walikuwa wauguzi, walikuwa makatekista na wainjilisti walioingia nyumba ambazo majirani waliziogopa, walikuwa watu wa HUYAWA, Huduma ya Watoto ya Kanisa la Kilutheri, waliohangaikia sare, chakula na haki za yatima. Imani ilikuwepo pale, na ilikuwa kubwa. Ilifanya kazi bila kumtisha mtu.

Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zinatolewa bure na serikali. Mtu anayemwambia mgonjwa aache dawa hizo kwa sababu "laana imevunjwa" anarudisha Kamachumu mwaka 1983. Namtaja kwa kazi yake: anaua.

Na tusidhani ni historia tu. Machi 2023, katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, watu walianza kufa kwa ugonjwa usiojulikana, wakiwemo ndugu wa familia moja. Ndugu wa familia moja! Kwa macho ya mvunja laana, ushahidi gani tena unatakiwa? Maabara ilipopima ikaonekana ni Marburg. Ugonjwa huo uliifuata familia kwa sababu familia ndiyo inayomwosha mgonjwa, inayomlisha na inayomzika. Uliwapata na wahudumu wa afya kwa sababu hiyo hiyo. Watu 6 walifariki. Waliokuwa karibu na wagonjwa wakafuatiliwa na kuangaliwa, na Juni 2 mwaka huo ugonjwa ukatangazwa kwisha. Fikiria kama kila nyumba ingekimbilia mkesha wa kuvunja laana, watu mia kadhaa wameshikana mikono.

Mdomo ukishafungwa

Mtu atasema, "Kwani kuna ubaya gani? Akitoa elfu kumi yake akapata amani, wewe inakuuma nini?" Inaniuma kwa sababu najua barabara hiyo inaelekea wapi ikiachwa bila mtu wa kusimama katikati.

Kanungu iko upande wa pili wa mpaka, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa watu ambao lugha yao inakaribiana na Kihaya. Huko kulikuwa na kundi lililojitenga na Kanisa Katoliki, likajiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake, akina Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, walisema wanapokea ujumbe kutoka mbinguni kwamba dunia inahukumiwa na kwamba walio ndani tu ndio watakaopona. Wafuasi waliuza mali wakakabidhi fedha. Wakazuiwa hata kuzungumza, wakawa wanawasiliana kwa ishara za mikono. Waliambiwa mwisho wa dunia ni Desemba 31, 1999. Siku ikapita, jua likachomoza. Machi 17, 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada likiwa limefungwa, na baadaye maiti nyingine zikafukuliwa kwenye nyumba za kundi hilo. Wengi walikuwa wanawake na watoto.

Zingatieni ile amri ya kunyamaza. Watu wasiosemezana hawawezi kuulizana, "Na wewe uliuza shamba? Na wewe umeanza kuwa na wasiwasi?" Kila mmoja alibaki na shaka yake akidhani ni dhambi yake binafsi.

Miaka 23 baadaye ikawa zamu ya Kilifi, Kenya, katika msitu wa Shakahola. Kuanzia Aprili 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu waliokuwa wafuasi wa Paul Mackenzie na kanisa lake la Good News International. Uchunguzi wa miili ulionyesha njaa kuwa chanzo kikuu cha vifo, na watoto walikuwa wengi. Mackenzie ameyakana mashtaka, na mahakama ndiyo yenye kazi ya kuhukumu. Lakini mafundisho yaliyowatangulia watu hao msituni yalisikika hadharani kwa miaka: shule ni ya shetani, hospitali ni ya shetani. Mama aliyeamini hivyo alikuwa amekwisha kufungiwa milango yote miwili ambayo mtoto wake angetokea.

Sisemi kila mchungaji anayetaja laana atafika Shakahola. Nasema waliofika Shakahola walianzia mahali ambapo kuuliza swali kulikuwa hatari.

Yezebeli ni nani hapa?

Sasa tufungue Biblia, maana wenzetu hawa wanatutisha nayo, wakijua wengi wetu tunasoma mstari tuliopewa bila kusoma sura nzima.

Mwanamke akiuliza fedha za ujenzi zimekwenda wapi, ataitwa mwenye roho ya Yezebeli. Haya, tumsome Yezebeli. Wafalme wa Kwanza sura ya 21. Alikuwepo mtu mmoja, Nabothi, mwenye shamba la mizabibu aliloachiwa na baba zake. Mfalme akalitaka. Nabothi akakataa, kwa sababu urithi wa baba zake si kitu cha kuuza. Mhaya yeyote mwenye kibanja anamwelewa Nabothi bila kufafanuliwa. Yezebeli alifanya nini? Alitangaza mfungo. Aliitisha kusanyiko la kidini. Akapanga mashahidi wa uongo waseme Nabothi amemtukana Mungu na mfalme. Nabothi akapigwa mawe, na shamba likachukuliwa.

Basi tuulizane. Katika habari hii Yezebeli ni yule anayeuliza maswali, au ni yule anayetumia mfungo, kusanyiko na shutuma za kidini ili apate shamba la mtu? Mama anayelinda kibanja cha watoto wake ni Nabothi. Yezebeli yuko upande wa kipaza sauti.

Wanatutajia Zaburi ya 105, usimguse mtiwa mafuta. Soma zaburi yenyewe. Inazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni wasio na ardhi, wakihama nchi hadi nchi. Walioonywa wasiwaguse ni wafalme. Neno lililotolewa kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, leo linamlinda mwenye gari na walinzi dhidi ya mjane anayeuliza risiti.

Wanatutajia Malaki sura ya 3, kwamba asiyetoa zaka amelaaniwa. Hawatuambii kwamba katika sura ya 2 Mungu anawageukia makuhani wenyewe na kuwatishia laana. Hawatuambii kwamba katika sura hiyo hiyo ya 3, mistari michache kabla ya zaka, hukumu inatajwa juu ya wanaowaonea wajane na yatima na wanaomnyima kibarua mshahara wake. Ukichukua mstari wa zaka ukaruka wa mjane, hujahubiri Malaki.

Wanatutajia Anania na Safira, waliokufa kwa sababu ya fedha za shamba, Matendo sura ya 5. Lakini Petro anamwambia Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake kabla hajaliuza, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Kosa lilikuwa uongo. Hakuna aliyewalazimisha watoe. Na Gehazi je? Elisha alimponya Naamani akakataa zawadi zote. Gehazi akamkimbilia mgeni kwa siri kuomba fedha na mavazi. Ukoma ukampata nani? Ukampata mtumishi aliyedai malipo, wala si mgonjwa aliyepona.

Kwa Mkristo mwenzangu namalizia na Wagalatia sura ya 3: Kristo alitukomboa katika laana. Kama hilo ni kweli, nani anatudai tena? Deni likilipwa, anayekuja na daftari kudai mara ya pili ni mwizi, hata akija na Biblia mkononi.

Wasijifiche wengine

Nisije nikaeleweka kwamba nawasema walokole wa mahema tu. Makanisa yetu ya zamani nayo yana hofu yao wanayoiuza kwa upole. Mama mzee hajamaliza ahadi ya zaka kwa sababu alikuwa mgonjwa mwaka mzima. Akifa, familia inaambiwa hakuna padre, hakuna mchungaji, hakuna kengele. Wanaobaki wanajifunza nini? Wanajifunza kulipa kwa kuogopa jeneza. Hiyo nayo ni laana, imevaa joho tu.

Dada zangu Waislamu nao wanajua jinsi watu wanavyotishiana kusomeana Halbadiri kwa madeni na ugomvi wa mipaka, mpaka asiye na hatia anakiri ili alale usingizi.

Na ukoo je? Wanawake wa Kihaya walitishwa muda mrefu kwamba mwanamke akiuza ardhi ya ukoo yatampata mabaya. Mwaka 1990, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, mwanamke Mhaya aliyerithi ardhi ya baba yake na kuiuza alishtakiwa na mtoto wa ndugu yake. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila inayomruhusu mwanaume wa ukoo kuuza na kumnyima mwanamke ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Wanawake walipigania haki hiyo. Itakuwa aibu tuchukue ardhi tuliyoipata kwa shida kutoka mkononi mwa ukoo, tuikabidhi kwa mtu aliyekuja na spika jana.

"Lakini laana zipo, nimeziona"

Hii ndiyo hoja inayoumiza, na siwezi kuipita. Wapo kati yetu waliozika watoto 3. Wapo ambao kila ndoa ukoo mzima huvunjika. Si haki kuwaambia hawana jambo.

Nawaambia hivi. Mateso yako ni ya kweli. Maelezo uliyouziwa ndiyo nayakataa. Watoto 3 waliozikwa wanaweza kuwa na ugonjwa wa sikoseli, ambao unarithiwa na katika ukanda huu wa Ziwa ni mwingi. Baba na mama wazima kabisa wanaweza kila mmoja kubeba chembe yake, na nyumba ikaonekana kama imelaaniwa. Kipimo chake ni cha damu. Ndoa zinazovunjika ukoo mzima pengine zinafuata ulevi na vipigo ambavyo watoto waliviona wakakua navyo. Hayo yana dawa, tena ngumu, ya miaka. Mvunja laana anakuahidi usiku mmoja.

Wanafunzi walimwuliza Yesu kuhusu kipofu wa kuzaliwa, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akajibu, si yeye wala wazazi wake, kisha akamponya. Hakumtafutia shangazi. Hakudai sadaka. Hakumwambia akae karibu naye maisha yake yote asije akapofuka tena.

Na hofu yenyewe ina nguvu mwilini. Mwanamke aliyeambiwa atakufa ndani ya siku 40 halali, hali, presha inapanda, maziwa ya mtoto yanapungua. Siku ya 30 anaanguka. Kijiji kinasema laana imefanya kazi. Ndiyo, imefanya kazi, kama sumu inavyofanya kazi, na aliyeitia kwenye kikombe anafahamika.

Tufanye nini

Nchi hii ina Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, tangu mwaka 1928. Kumtishia mtu kwa uchawi ni kosa. Mganga akisema, "Nipe ng'ombe au nitakumaliza," polisi wana pa kuanzia. Mwenye suti akisema, "Toa kiwanja au Mungu atakumaliza," tunasema amina. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na uhuru wa dini ulio katika ibara ya 19 ya Katiba ni wako wewe muumini pia. Una haki ya kuingia, una haki ya kutoka.

Nyumba ya ndoa isiuzwe wala kuwekwa rehani bila idhini yako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakulinda, na inamlinda na mumeo ukiwa wewe ndiye unayetaka kuuza kwa siri. Ukisikia mtu anakwambia utoe hati au kibanja bila familia kujua, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji siku hiyo hiyo. Ukitishwa au ukipigwa, Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi.

Kabla ya kutoa, uliza maswali 4, kwa adabu, mbele za watu. Je, nisipotoa nitaombewa? Je, naweza kuendelea na dawa zangu? Je, naweza kumwambia mume wangu na ndugu zangu? Je, nikihamia kanisa jingine utanibariki? Mtumishi wa kweli atakujibu ndiyo mara 4, pengine akicheka. Akikasirika kwenye swali lolote, umeshapata jibu.

Zaidi ya yote, tusemezane. Katika vikoba vyetu, kwenye chanja za dagaa, kwenye foleni ya kliniki Ndolage, mmoja aanze kusema, "Mimi niliambiwa shangazi yangu amenifunga." Mtashangaa wangapi wataambiana, "Hata mimi, na maneno yalikuwa hayo hayo." Siku hiyo mtajua kwamba hakuwa anasoma maisha ya mtu, alikuwa anarudia somo.

Na shangazi mliyeacha kumtembelea kwa sababu ya unabii, mpelekeeni sukari na kilo ya sato wiki hii. Kaeni naye. Kuleni alichopika.

Mbarikiwe dada zangu, bure kabisa.